Waya Haulali

Leo naomba tutembee pamoja hadi pembeni kabisa mwa shamba, pale mistari miwili ya uzio inapokutana. Mwenye shamba hafiki pale mara nyingi. Anaingilia getini, anatazama mahindi, anatazama ng'ombe, anarudi nyumbani. Mimi ukinipeleka shambani kwako ukaniuliza uzio huu utaishi miaka mingapi, sitahesabu mistari ya seng'enge wala sitatazama geti lilivyopakwa rangi. Nitakwenda moja kwa moja kwenye kona, nitainama, nitaangalia pale nguzo inapoingia ardhini.

Ukisafiri kutoka Makambako kwenda Njombe utaona mashamba mapya ya parachichi huku na huku. Mengi yamezungushiwa uzio wa waya, na ukitazama katikati ya mstari unapendeza: nguzo zimenyooka, nyaya zimelingana. Sasa peleka jicho mwisho wa mstari. Nguzo ya kona imeinamia ndani ya shamba. Ile ya pili yake nayo imeanza kuifuata. Seng'enge ambayo siku ya kwanza ukiigonga ilikuwa inalia, sasa imelegea kama kamba ya kuanikia nguo, na mbuzi akitaka kupita hata hainamishi kichwa. Shamba lenyewe halijamaliza misimu miwili. Moyo wangu huuma kila nikiona hivyo, kwa sababu najua waya ule umegharimu nini na umenunuliwa kwa jasho gani.

Najua kwa sababu yalinikuta. Mwaka nilioanza kufuga nilinunua mitamba miwili ya maziwa, nikaamua kuzungushia ekari mbili. Nilinunua waya mzuri, nikataka mistari mitano. Nguzo za kona nilizichagua nene kuliko nyingine, nikaridhika kwamba nimefanya la maana. Tukazifukia nusu mita, tukashindilia kwa miguu, jioni ile ile tukaanza kuvuta waya. Ilikuwa Agosti, ardhi imekauka, kila kitu kimesimama kama askari wa gwaride. Nikapiga picha.

Mvua zikaanza Novemba. Januari, alfajiri, simu ikalia. Ni mama jirani yangu wa upande wa chini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya upole iliyonitia hofu zaidi kuliko ukali. Akasema, "Mwanangu, njoo uchukue ng'ombe wako, wamelala katikati ya maharage yangu." Nilikimbia nikijua waya umekatika, au mwizi ameukata. Nilipofika nikapita mstari mzima nikishika kila waya kwa mkono. Hakuna hata mmoja uliokatika. Hakuna nguzo iliyovunjika. Nguzo ya kona ilikuwa imechomoka ardhini kama jino, ikalala kifudifudi na tope lake, na nyaya zote tano zikalala nayo. Ng'ombe walivuka juu yake kama wanaovuka kizingiti cha mlango.

Maharage nililipa, na mama yule nilimwomba radhi. Lakini swali lilibaki. Kwa nini nguzo nzima, isiyooza, isiyovunjika, itoke ardhini yenyewe?

Tuanze na uzito. Unapokaza waya wa uzio ukakazika vizuri, kila mstari unavuta kwa nguvu inayokaribia kilo 100. Mistari mitano ni kilo 500. Hiyo ni sawa na uzito wa fahali mkubwa, kana kwamba amefungwa kamba kichwani mwa nguzo, anavuta upande mmoja, mchana na usiku, wala hasimami kunywa maji. Nguzo za katikati ya mstari hazioni taabu hiyo. Zinavutwa kushoto na kulia kwa nguvu sawa, na wavutaji hao wawili wanamalizana wenyewe. Kazi ya nguzo ya katikati ni kuushikilia waya usishuke, basi. Nguzo ya kona haina wa kuisaidia upande wa pili. Na tena inavutwa mara mbili, mstari mmoja ukienda mashariki labda, mwingine kusini, kwa hiyo jumla ya mvuto inapita katikati ya pembe kuelekea ndani ya shamba, kiasi cha kilo 700.

Na waya haulali. Chuma husinyaa kikipoa na kutanuka kikipata joto. Waya wa mita 100 ukipoa kwa nyuzi 20 unataka kufupika kwa sentimita 2.4. Kwetu huku Nyanda za Juu Kusini, wakati wa kipupwe, mwezi wa Juni na Julai, waya unaopigwa na jua la saa nane mchana na waya ule ule saa kumi na moja alfajiri, sakitu imeutanda, hutofautiana kiasi hicho bila shida. Waya mmoja wa unene wa milimita 2.5, ukizuiwa usifupike, unaongeza mvuto wa zaidi ya kilo 20. Zidisha kwa tano. Basi kila alfajiri ya kipupwe, wewe ukiwa umejifunika blanketi, kona yako inabebeshwa mzigo wa ziada, na mchana inatuliwa. Kesho tena. Nguzo inayotikiswa hivyo kila siku, hata kwa upana wa ukucha, inajipanulia shimo. Mvua ikija maji yanaingia kwenye ule mwanya.

Nimewahi kujiuliza kwa nini jambo hili halimo katika maarifa ya wazee wetu, wao waliojua kufuga na kulinda mazao kutushinda sisi. Jibu nililopata ni hili: ua wao ulikuwa hauvuti. Boma la miiba limekaa tu juu ya ardhi. Ua wa minyaa umeota, una mizizi. Ua wa mabua au wa fito unasimama kwa kushikana. Katika hizo zote, pembe ni mahali kama mahali pengine. Seng'enge ni mgeni. Joseph Glidden wa DeKalb, huko Illinois nchini Marekani, alipata hataza ya waya wake wa miiba mwaka 1874, na uzio wa namna hiyo unasimama kwa kuvutwa. Waya ulitufikia dukani umeviringishwa vizuri. Elimu ya kona haikuviringishwa pamoja nao.

Sasa watu hujitibu vipi? Dawa ya kwanza ni unene. Mtu ananunua gogo, linabebwa na watu wanne, linasimamishwa kona. Lakini nguzo yangu haikuvunjika, ndugu msikilizaji. Unene unazuia kuvunjika tu. Dawa ya pili ni zege. Wanachimba shimo dogo, wanasimamisha nguzo, wanamwaga ndoo mbili za zege kuizunguka. Kinachotokea ni kwamba nguzo ikivutwa inatoka na zege lake, kama jino linalong'oka na fizi. Na ikiwa ni nguzo ya mti, kuna hasara nyingine: mti hukauka na kusinyaa, unabaki mwanya mwembamba kati yake na zege, maji yanakaa humo kama kwenye kikombe, na nguzo inaoza pale pale kwenye usawa wa ardhi. Zege lina mahali pake, hasa kwa nguzo za chuma na za zege lenyewe, mradi shimo liwe pana chini kuliko juu, umbo la mtungi, ili udongo wa juu ulikalie. Lakini likimwagwa bila akili ni pesa iliyozikwa.

Dawa yenyewe watu wa pwani wanaijua siku nyingi, ingawa wao hawaitumii kwa seng'enge. Nenda Pangani au Bagamoyo wakati maji yametoka. Jahazi limepwelewa, limekaa juu ya mchanga, na mkuku wake ni mwembamba, haliwezi kusimama lenyewe. Mabaharia wanalitia gadi: miti inayoegemezwa ubavuni ili lisilale. Nimesimama pale nikatazama kwa muda mrefu. Gadi hukaa upande ule chombo kinakotaka kuangukia. Mguu wake unawekewa kibao usizame mchangani. Haisimamishwi wima sana, kwa sababu ikisimama wima inakuwa inainua badala ya kuzuia. Wala hailazwi sana, ikateleza. Mafundi wale hawakuwa na karatasi ya hesabu, na hesabu yao ilikuwa kamili.

Ipeleke hekima hiyo kwenye kona ya shamba. Nguzo inataka kuangukia ndani, kufuata waya. Kwa hiyo gadi inakaa ndani, chini ya mstari wa waya wenyewe, ikielekea kule kule waya unakoelekea. Mistari miwili, gadi mbili. Mara nyingi nimeona mti umeegemezwa nje ya kona, umechomekwa kwa nguvu, na mwenye shamba ana imani nao. Mti ule hausaidii kitu. Mti husukuma, hauvuti. Ukiwa nje, nguzo inaukimbia tu. Ukitaka kufunga kitu upande wa nje, kifunge kwa waya hadi kwenye jiwe kubwa lililozikwa, maana waya ndio unaovuta. Ukitaka kutumia mti, weka ndani. Kichwa chake kiguse nguzo ya kona juu ya nusu ya kimo cha nguzo hiyo, mguu wake ukanyage jiwe bapa, na mti uwe mrefu. Gadi fupi iliyosimama wima itafanya kile mabaharia wanachokikwepa: itainua nguzo ya kona na kuisaidia kuchomoka.

Gadi inatosha kwa shamba dogo la mistari mitatu au minne. Kwa uzio mrefu wa ng'ombe kuna kona bora zaidi, na hapa naomba kama una kalamu uishike, au umwite kijana mwenye simu aandike.

Simamisha nguzo ya kona. Kisha, ukifuata mstari wa waya, pima mita 2.4, simamisha nguzo ya pili, nene karibu sawa na ya kwanza na yenye kina sawa. Kati ya nguzo hizo mbili, karibu na vichwa, kama sentimita 25 kutoka juu, weka mti mlalo unaobana vizuri, usio na mchezo, unene wake usipungue sentimita 10 ili usije ukapinda. Uushikize kwa kipande cha nondo kilichopigwa katikati ya kila nguzo, badala ya kuchonga shimo kubwa kwenye nguzo ukaidhoofisha. Umepata umbo la herufi H. Upande wa pili wa kona fanya vivyo hivyo. Kona nzima ina nguzo tatu na miti milalo miwili.

Mpaka hapo mafundi wengi wanafika. Kilichobaki ni waya wa mshazari, na kosa kubwa liko hapo. Sikiliza polepole. Waya huu unaanzia chini ya nguzo ya kona, kama sentimita 10 juu ya ardhi, unapanda kwenda kichwani mwa nguzo ya pili. Chini ya kona, juu ya ya pili. Wengi wanaufunga kinyume: kichwani mwa kona, chini ya nguzo ya pili, kwa sababu kwa macho inaonekana kama kona inashikwa isianguke. Hebu tufuate nguvu inavyopita. Uzio unavuta nguzo ya kona kuelekea ndani. Kona inausukuma mti mlalo. Mti mlalo unasukuma kichwa cha nguzo ya pili, nacho sasa kinataka kwenda mbele. Ni nani atakayekishika kichwa hicho kisiende? Waya. Na waya unakishika kwa kukivuta nyuma, kwenye mguu wa kona. Ukiufunga kinyume, nguzo ya pili inakwenda mbele, waya wa mshazari unalegea, na umepoteza nguzo, waya na siku nzima ya kazi.

Mzee aliyenijengea kona zangu za pili ndiye aliyenionyesha namna ya kuukaza. Waya laini mnene, unazungushwa mara mbili kutoka nguzo hadi nguzo ili ziwe nyuzi nne, ncha zinafungwa. Katikati unapitishwa kijiti kigumu au kipande cha nondo, unaanza kuzisokota. Anasokota, anasimama, anausikiliza. Kila mzunguko nguzo zinakaribiana kidogo na mti mlalo unabanwa zaidi. Nilimwuliza anajuaje pa kuishia. Akaniambia nishike nguzo ya pili kwa mikono miwili niitikise. Nikaitikisa, nikahisi kona, mti na nguzo vinatikisika pamoja kama kitu kimoja. "Hapo," akasema. Kijiti kinaachwa humo humo, kinaegemezwa kwenye mti mlalo, ili mwakani ukiona pamelegea uongeze mzunguko mmoja.

Kwa nini mita 2.4, kwa nini si mita moja na kidogo ili tuokoe mti? Hesabu yake ni fupi. Chukua mvuto wa kilo 500, unaokaa kwa wastani sentimita 75 juu ya ardhi. Nguzo ya pili ikiwa mita 1.2 kutoka kona, kona inavutwa kwenda juu kwa nguvu ya kama kilo 310. Ukiisogeza nguzo ya pili hadi mita 2.4, nguvu hiyo inashuka hadi kilo 156 hivi. Nguzo ni zile zile, umbali tu na urefu wa mti mlalo vimeongezeka, na mzigo wa kuchomoa umekatwa nusu. Ndiyo jibu la swali langu la Januari ile. Uzio unapovutwa kwa nguvu, kona kabla haijaanguka, hupanda. Anayeijenga kona afikirie kuizuia isipande, na mengine yatafuata.

Kuizuia isipande ni kina na kushindilia. Nguzo ya kona ya mita 2.4 iingie ardhini mita moja kamili, ikiwezekana zaidi. Najua kuchimba mita moja kwa mtaimbo na bati la kutolea udongo si mchezo, mikono inatoka malengelenge. Lakini udongo unaorudi ndio wenye kazi kubwa zaidi. Urudishwe kidogo kidogo, tabaka la sentimita 15, ushindiliwe kwa kitako cha mtaimbo mpaka mtaimbo urudi mkononi kama umegonga sakafu, ndipo tabaka jingine. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope wala vumbi. Mzee yule alikuwa na desturi ya kumpa kijana mmoja achimbe na wawili washindilie. Na kila kilichotoka shimoni kilirudi shimoni, nguzo ikiwa ndani. Ukibakiwa na lundo la udongo kando, hujashindilia.

Wenye mashamba kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama kule Usangu, mna taabu yenu peke yenu. Udongo ule ukinywa maji unavimba, kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mtoto unaingia. Unaishika nguzo miezi sita, unaiachia miezi sita. Huko ongezeni kina, na mjaze shimo kwa changarawe iliyoshindiliwa badala ya kurudisha udongo ule ule.

Nguzo zenyewe, tunaoishi karibu na Mafinga na Njombe tumebarikiwa, maana ukanda huu, kuanzia msitu wa Sao Hill, ndio unaotoa nguzo zilizotiwa dawa. Mkaratusi mbichi ukiusimamisha bila dawa, mchwa hawakawii kuufikia. Mambo mawili tu juu ya nguzo za dawa. Ukilazimika kukata, sehemu iliyokatwa ikae juu, isiende ardhini, kwa sababu dawa haifiki kwenye moyo wa mti na ukikata umeufungulia mchwa mlango. La pili nalisema kwa msisitizo kwa akina mama na kwa kila anayewasha moto nyumbani: vile vipande vinavyobaki, vyenye rangi ya kijani, msivipeleke jikoni. Dawa ile mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu, na inakuwamo katika moshi na katika majivu. Msipikie, msikaushie nyama, majivu yake msimwage bustanini. Vizikeni mbali na kisima.

Kwetu ni milima na mabonde, kwa hiyo niseme kidogo juu ya bonde, ingawa si kona. Uzio unaposhuka bondeni ukapanda upande wa pili, waya uliokazwa unataka kunyooka, unapita hewani, na nguzo iliyo chini kabisa ya bonde inavutwa kwenda juu kama ndoo ya kisima. Siku ya kwanza huoni. Mwaka wa pili nguzo ile inaning'inia kwenye waya, haigusi ardhi, na chini yake anapita nguruwe pori na familia yake. Nguzo ya bondeni ifungiwe jiwe zito lililozikwa kando yake, liwe nanga yake. Na mstari ukizidi mita 200 au hivyo, katikati weka H nyingine yenye nyaya mbili za mshazari zilizopishana, kwa kuwa pale mvuto unaweza kutoka upande wowote siku mtakapofungua upande mmoja kutengeneza.

Kuna anayesema, mimi kona yangu ni mti uliosimama, mkaratusi mkubwa wenye mizizi, nani ataung'oa? Namwelewa. Lakini mti huyumba na upepo, na kila ukiyumba unavuta na kulegeza. Gome linakua, linaumeza waya. Siku utakapouangusha mti ule kwa mbao, msumeno wa mtu utakutana na chuma ndani ya mti kwa mwendo wa kasi. Uache mti uwe mti, weka nguzo hatua mbili kando yake.

Sasa niseme jambo linalonikera zaidi katika habari hii yote, nalo ni la pesa. Namna tunavyowalipa mafundi wa uzio ndiyo inayoangusha kona zetu. Tunalipa kwa mita. Fundi anakuja, mnapatana mita moja ni shilingi kadhaa, anapiga hesabu ya mita 400, anaanza. Nguzo ya katikati inamchukua dakika chache. Kona iliyojengwa sawasawa, yenye nguzo tatu za kina cha mita moja, miti milalo na waya wa kusokota, inaweza kumchukua yeye na kijana wake siku nzima. Katika malipo ya mita, siku hiyo nzima anapata malipo ya mita tano. Ana watoto, ana kodi ya nyumba, ana mteja mwingine anayempigia simu. Utamlaumu vipi akisimamisha kona kama alivyosimamisha nguzo nyingine? Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Uvivu haumo, bei tuliyompa ndiyo iliyomkimbiza.

Nilipojenga mara ya pili nilipatana na yule mzee vitu viwili mbalimbali: kona kwa bei ya kona, mstari kwa bei ya mita. Kona nne na nguzo mbili za geti, maana geti nalo ni mwisho wa mstari, nguzo zake zinavutwa vile vile kama kona. Tukakubaliana kwamba hatafungua bunda la waya hata moja mpaka kona zote ziwe zimesimama na mimi nimezipita nikizitikisa. Kama kuna zege, wiki moja isiyopungua ipite kwanza. Jirani mmoja aliona siku ya nne bado hakuna waya hata mstari mmoja, akaniuliza kama nimeishiwa. Nilimwambia kona ndizo zinakula siku. Gharama ya ziada nilipoijumlisha ilikuwa ndogo kuliko bei ya waya nilioukuta umelala chini, ukiacha maharage na usingizi wa yule mama.

Ndugu wasikilizaji wenye uzio uliokwisha kujengwa, msivunjike moyo mkadhani lazima mbomoe. Kona ambayo imeinama kidogo tu, nguzo ikiwa bado nzima, inaweza kuokolewa: legezeni nyaya kwanza, zote, msijaribu kuisukuma nguzo ikiwa inavutwa; inyoosheni, ichimbuliwe, ishindiliwe upya, iongezewe nguzo ya pili na mti mlalo na mshazari wake. Ndipo mkaze tena, mstari mmoja baada ya mwingine. Fanyeni kazi hiyo sasa, ardhi ingali na unyevu wa mwisho wa mvua na mtaimbo unaingia, maana ukifika Septemba utakuwa unachimba tofali.

Na mkimaliza, fanyeni kitu kimoja kisichogharimu hata senti. Chukueni rangi kidogo iliyobaki kwenye kopo la geti, mpige mstari kuizunguka nguzo ya kona, pale pale inapogusana na ardhi. Nguzo ikianza kupanda, jicho halitaona sentimita mbili, lakini mstari ule utaonekana umeinuka na chini yake kuna ukanda wa mti usio na rangi, na utakuwa na wakati wa kuongeza mzunguko wa kijiti au kufukia jiwe la nanga kabla ya alfajiri ya simu. Mimi kona zangu zina mstari mwekundu. Mwezi uliopita, mvua zilipokatika, nilishuka hadi kona ya chini, inayopakana na shamba la yule mama. Alikuwa anavuna maharage. Tukasalimiana, nikapiga goti kwenye majani yenye umande, nikafuta udongo kwa kidole kuizunguka nguzo. Mstari ulikuwa umekaa pale pale nilipouchora, nusu yake imefunikwa na nyasi changa.